Mgongo wa Dereva Si Jambo Dogo

Mwananchi wa Unguja ashukaye melini Dar es Salaam akiwa na safari ya Mwanza kwa barabara, hufika Mkiwa, mkoani Singida, akiwa amekwisha kaa garini zaidi ya kilomita 600. Kwao ni kisiwa chenye urefu wa kilomita 85 hivi. Mwendo wa namna hiyo mgongo wake haujauzoea. Hapo Mkiwa, ambapo barabara ya Itigi huachana na ile ya Singida, hushuka ameshika kiuno. Dereva wake ameumia zaidi, ila hasemi.

Sababu yake yaeleweka. Sehemu ya kiuno ya uti wa mgongo ina pingili 5, nazo kwa asili zimejipinda kuelekea mbele. Mtu aketipo, nyonga hurudi nyuma, mpindo ule hunyooka, na mito ya gegedu iliyo kati ya pingili hulemewa. Katika miaka ya 1960 daktari Alf Nachemson wa Sweden alipima mgandamizo huo, akaona kuwa kukaa bila kuegemea kunaulemea mgongo kuliko kusimama.

Ndiyo maana viti vya magari mengi siku hizi vina tegemeo la kiuno liendeshwalo kwa umeme. Liko la namna mbili. La kwanza ni mfuko wa hewa uliofichwa ndani ya egemeo: swichi ikibonyezwa, pampu ndogo huujaza, ikibonyezwa upande wa pili, vali hufunguka na hewa hutoka. La pili lina mota ivutayo waya, na waya huo hukipinda kibao kilichomo ndani ya egemeo mfano wa upinde. Mengine hupanda na kushuka pia, kwani mrefu na mfupi hawana kiuno mahali pamoja. Litegwe juu kidogo ya mkanda wa suruali, nalo lijaze uwazi tu, lisimsukume mtu.

Likiharibika, si lazima kiti kizima kibadilishwe. Huenda fyuzi imeungua, nyaya za chini ya kiti zimechomoka, mfuko unavuja au waya umekatika. Lakini fundi atenganishe betri kwanza, maana katika magari mengi nyaya hizo huhudumia pia mifuko ya usalama.

Wako watakaosema hiyo ni anasa ya wakubwa. Hatukubaliani nao. Mkubwa akaaye nyuma aweza kulala, dereva hawezi. Dereva aumwaye kiuno hujigeuzageuza kitini, na fikra zake hugawanyika kati ya maumivu na barabara, hali amebeba roho za watu.

Kwa hiyo twawaomba wasimamizi wa magari ya Serikali, Bara na Visiwani, karatasi zao za ukaguzi zisiishie kwenye breki na matairi; ziulize pia habari za kiti cha dereva. Gari lisilo na kifaa hicho, taulo iliyoviringishwa na kuwekwa kiunoni itasaidia, wala haihitaji fungu la bajeti.

Hata hivyo, hakuna kiti kinachochukua nafasi ya kushuka na kujinyoosha. Dereva akisema, "Ndugu, tusimame kidogo Mkiwa," asijibiwe kuwa tumechelewa.