Nyeupe Si Moja: Jinsi ya Kutafuta Namba ya Rangi ya Gari la Kikundi



Vikundi kadhaa vya hapa Moi's Bridge na kando kando yake vimejinunulia gari. Kwingine ni pikapu ya kupeleka mahindi kwenye maghala ya nafaka, kwingine ni ya maziwa, kwingine ni matatu ya kwenda Eldoret na Kitale. Leo tunataka kuzungumza juu ya kitu ambacho wengi wanakiona kidogo, nacho ni rangi ya gari hilo. Hatuzungumzii urembo. Tunazungumzia pesa za kikundi na imani kati ya wanakikundi.

YALIYOTOKEA

Kikundi kimoja tunachokitembelea, jina tunaliacha, kilikuwa na pikapu nyeupe aina ya Toyota, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Siku ya soko iligongwa na mkokoteni, mlango wa dereva ukabonyea na kukwaruzika. Mkutano ukaamua mlango unyooshwe na upigwe rangi. Mama mweka hazina akatumwa mjini. Akauliza, "Ninunue rangi gani?" Mwenyekiti akafungua logbuku, akasoma: nyeupe. Basi mama akaenda dukani, akaomba rangi nyeupe ya gari, akapewa, akarudi na mkebe pamoja na risiti.

Fundi alifanya kazi yake. Jioni mlango ulionekana sawa. Asubuhi jua lilipotoka kila mtu aliona. Bodi ilikuwa nyeupe ya maziwa, mlango nyeupe ya chaki. Maneno yakaanza. Wengine walisema fundi ni mlevi. Wengine wakanong'ona ati mama alinunua rangi ya bei ya chini akatia salio mfukoni. Risiti ilikuwepo, lakini uvumi ukishaanza hauangalii risiti. Wiki iliyofuata mama alirudisha ufunguo wa sanduku la pesa.

Tuliitwa kupatanisha. Tulikwenda na fundi mmoja mzee wa rangi kutoka Eldoret. Yeye hakuuliza habari za pesa. Alifungua boneti, akapangusa kibati kidogo kwa kitambaa, akasoma: 058. Kisha akautazama ule mkebe uliobaki. Haukuwa na namba yoyote, umeandikwa "nyeupe" tu. Akasema, "Huyu mama hakuiba. Mlimtuma kununua kitu bila kumpa jina lake."

KWA NINI KUSEMA "NYEUPE" HAITOSHI

Zamani jambo hili lilikuwa rahisi. Kati ya 1914 na 1925 kampuni ya Ford huko Marekani ilitengeneza gari lake la Model T kwa rangi moja tu, nyeusi. Leo kila kiwanda kina rangi nyingi, na ndani ya rangi moja mna nyingine kadhaa. Toyota peke yake ina nyeupe ya namba 040, ina nyeupe ya namba 058 ambayo utaikuta kwenye magari ya kazi kama Hiace na Probox, na ina 070 ambayo ni nyeupe ya kumetameta kama lulu. Rangi ya fedha nayo ni hivyo hivyo: 1C0, 1E7 na 1F7 zote ni za Toyota, zote ni za fedha, na hazifanani zikiwekwa pamoja.

Logbuku haijui tofauti hizo. Imeandikwa ili askari akisimamisha gari ajue ni jeupe au ni jekundu. Kwa askari inatosha. Kwa fundi haitoshi hata kidogo.

Kwenye gereji namba hii huitwa "kodi ya rangi". Tulipolitaja neno hilo katika semina moja, mzee mmoja aliuliza kama serikali sasa imeanza kutoza kodi mpaka rangi! Hapana, mzee wetu. Ndiyo maana hapa tunasema tu "namba ya rangi".

NAMBA IKO WAPI?

Namba imeandikwa kwenye gari lenyewe, kwenye kibati au karatasi ya kunata iliyowekwa kiwandani. Kuisoma ni bure. Chukua kitambaa chenye maji kidogo, kalamu na daftari.

1. Toyota. Fungua boneti, tazama ukuta wa chuma unaotenganisha injini na watu. Usipoona, fungua milango ya mbele utazame nguzo zake. Tafuta herufi C/TR. Kinachotangulia kamstari ni rangi ya bodi, kinachofuata ni rangi ya viti na ya ndani.

2. Nissan. Mara nyingi ni ukuta ule ule wa injini. Tafuta maneno COLOR na TRIM. Nyeupe inayoonekana sana ni QM1.

3. Mitsubishi na Isuzu. Anza kwenye injini, kisha milangoni. Tafuta neno COLOR, EXT au PAINT.

4. Subaru. Tazama ndani ya boneti pale juu ya springi ya mbele, au nguzo ya mlango.

5. Volkswagen. Tafuta karatasi ya kunata ndani ya buti karibu na gurudumu la spea, au katika kitabu cha huduma kilichokuja na gari.

6. Trekta. Nyingi hazina namba ya rangi kwenye kibati. Rangi yake huulizwa kwa jina la kampuni na aina ya trekta.

Angalieni msichanganye. Kibati hicho hicho kina namba ya chasisi, ya injini na ya giaboksi. Namba ya rangi ni fupi, mara nyingi herufi na tarakimu tatu. Kama kibati kimeliwa na kutu, andikeni namba ya chasisi mpeleke kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari. Kwa namba hiyo anaweza kutafuta gari lilitoka kiwandani na rangi gani.

KAMA GARI LILISHAPIGWA RANGI TENA

Magari tunayonunua yamepita mikononi mwa watu. Pengine aliyekuwa nalo alilipaka rangi nyingine. Kabla ya kuamini kibati, tazameni mahali ambapo mafundi wavivu hawafiki: chini ya zulia la buti, nyuma ya mpira wa mlango, upande wa ndani wa boneti. Rangi ya ndani ikiwa tofauti na ya nje, namba ya kibati haitawasaidia. Hapo mtahitaji kulinganisha kwa macho au kwa kifaa, kama tutakavyoeleza.

NAMBA NI MWANZO TU

Hapa ndipo wengi wanakosea mara ya pili. Wanapata namba, wananunua, wanapaka, na bado mlango unakataa kufanana. Sababu ni mbili. Kwanza, jua letu limeipausha rangi ya zamani kwa miaka, na nyekundu hupauka haraka zaidi. Pili, hata kiwandani rangi ya namba moja hutofautiana kidogo kati ya mchanganyiko na mchanganyiko. Namba inakufikisha kijijini, lakini nyumba bado unaitafuta. Fanyeni hivi:

(a) Fungueni kifuniko kidogo cha tangi la mafuta, kile cha nje chenye rangi ya bodi. Kioshwe na kisuguliwe kwa polishi mpaka uchafu wote utoke, kisha mkipeleke dukani pamoja na namba. Ni chepesi kuliko kuendesha gari mpaka mjini.

(b) Nendeni kwenye duka linalochanganya rangi kwa mizani. Muuzaji hutafuta namba katika orodha, na orodha inamwambia gramu ngapi za kila rangi zitiwe. Namba moja inaweza kuwa na michanganyiko kadhaa, moja ya weupe zaidi, nyingine ya umanjano kidogo. Mwambieni ailinganishe na kifuniko chenu. Maduka mengine yana kifaa cha kushika mkononi kinachosoma rangi.

(c) Msikubali fundi apige mlango moja kwa moja. Apige kwanza kipande cha bati, matabaka mawili au matatu kama atakavyopiga gari, kisha kikauke kabisa. Rangi mbichi si rangi kavu. Kiwekeni kwenye bodi kikiwa kimesimama, mkitazame nje mchana, kwanza kivulini halafu juani, mbele na kando. Msitazame jioni, wala chini ya paa la mabati mekundu. Kila kitu kitaonekana chekundu.

(d) Rangi za kumetameta zinategemea pia mkono wa fundi. Akipiga kwa majimaji hutoka nyeusi kidogo, akipiga kwa ukavu hutoka nyeupe kidogo. Kwa hiyo anayepiga kipande cha majaribio awe yule yule atakayepiga gari, kwa bunduki ile ile.

(e) Fundi mzuri haishii kwenye mstari wa mlango. Huipunguza rangi polepole mpaka kwenye bati la jirani, halafu hufunika mabati yote mawili kwa ile rangi angavu ya mwisho. Jicho halioni mpaka. Muulizeni kabla ya kupatana bei kama atafanya hivyo.

(f) Nunueni rangi yote mara moja, na ya akiba kidogo. Mkirudi kuongeza mtapata mchanganyiko mwingine.

Jambo moja zaidi. Muulizeni fundi rangi ya zamani ni ya aina gani. Atasugua mahali pa siri kwa kitambaa chenye thina. Rangi ikitoka kwenye kitambaa kwa urahisi, huenda ni ya selulosi. Isipotoka, pengine ni ya kiwandani au ile inayochanganywa na dawa ya kukazia. Rangi ya selulosi ikipigwa juu ya rangi ya mafuta inaweza kuikunja kama ngozi ya maziwa, na kazi yote ikarudiwa.

AFYA YA VIJANA WETU

Rangi zinazochanganywa na dawa ya kukazia mara nyingi zina kemikali iitwayo isosayaneti. Moshi wake ukivutwa unaweza kuleta pumu, na aliyeipata huweza kubanwa kifua hata kwa kiasi kidogo tu baadaye. Leso iliyofungwa puani haizuii kitu. Tumewaona vijana wa jua kali wakipiga rangi hivyo katika kibanda kilichofungwa, na watoto wamesimama mlangoni wakitazama. Kikundi kinacholipa kazi kina haki ya kuuliza: kijana ana barakoa ya kweli ya kupigia rangi? Hewa inapita? Watoto wako wapi?

SHERIA

Kurekebisha mlango kwa rangi ile ile hakubadilishi kitu kwenye logbuku. Mkiamua kubadilisha rangi ya gari zima, lazima mwarifu NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2012, ili kumbukumbu zirekebishwe. Wenye matatu wakumbuke pia mstari wa manjano ulioamriwa na kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004. Ubavu ukipigwa rangi, mstari urudishwe.

ANDIKENI KWENYE KITABU CHA KIKUNDI

Mnapoandika mali ya kikundi, ongezeni ukurasa wa gari: aina, mwaka, namba ya chasisi, namba ya rangi na mahali ilipoonekana, duka lililochanganya, tarehe, na jina la fundi. Bandikeni kipande cha karatasi kilichopakwa rangi hiyo. Rangi iliyobaki, ambayo haijatiwa dawa ya kukazia, ifungwe vizuri katika mkebe ulioandikwa namba. Mweka hazina akitumwa, apewe namba hiyo kwa maandishi, yenye sahihi ya mwenyekiti na katibu. Hapo akikosea tutajua nani alikosea, na asipokosea hakuna atakayemsingizia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, tunajua namba ya rangi ya gari letu? Nani ataitafuta kabla ya mkutano ujao?
2. Tunapomtuma mtu kununua kitu, tunampa maelezo gani?
3. Kazi ikiharibika, tunauliza kwanza nini: nani ameiba, au tulikosea wapi?

Mtapenda kujua mambo yaliishaje kwa kile kikundi. Mlango ulipigwa tena, safari hii kwa namba, kwa kifuniko cha tangi na kwa kipande cha bati. Leo ukisimama hatua tatu huoni tofauti. Lakini wamelipa mara mbili, na pesa za mara ya pili zilitoka kwenye akiba ya mbolea. Wanakikundi walimwomba mama msamaha mbele ya wote, naye akawasamehe. Kazi ya kuweka hazina amekataa kuirudia. Mlango umerekebishwa, lakini mweka hazina mzuri wamempoteza. Namba iliyokuwa ikihitajika ilikuwa chini ya boneti siku zote, umbali wa mkono mmoja kutoka kwa dereva.