Fahamu: Kaliba ya bastola na sheria ya kuibeba Rumonge

Kaliba ni kipenyo cha mtutu, na risasi huitwa kwa kipimo hicho. Katika bastola, iliyoenea zaidi duniani ni ya milimita 9, iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20.

Kubwa ndiyo bora?

Si lazima, wala ndogo haikosi kasoro. Bastola ndogo hufichika kirahisi, lakini huruka mkononi ikifyatuliwa na shabaha hupotea. Risasi yake hupenya ukuta mwepesi. Sokoni au mwaloni penye watu wamebanana, anayeikosa shabaha humpata jirani.

Sheria inasemaje?

Katika mwambao wa Rumonge, Burundi, swali la kaliba hutanguliwa na la kibali. Burundi ina sheria ya silaha ndogo na nyepesi ya mwaka 2009, iliyotungwa baada ya vita vilivyoacha bunduki nyingi majumbani. Aidha, Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Burundi, Tanzania na Kongo ni wanachama wake, inataka raia wapigwe marufuku kumiliki bunduki za rashasha. Bastola imo katika kundi la silaha zinazodhibitiwa kwa leseni.

Na kibali cha Kigoma, Tanzania, hakivuki mpaka.