Kiporo si makombo

UKIPANDA Kimisagara kutoka kituo cha mabasi cha Nyabugogo, utasikia Kiswahili cha aina nyingi: cha aliyekulia Karagwe, cha Goma, cha Bujumbura. Kwenye bei wote wanaelewana. Likitajwa neno kiporo, wengine huachwa njiani.

Neno hili asili yake ni jikoni. Kiporo ni chakula kilichobaki usiku, kikalala, kikaliwa asubuhi kwa chai. Pwani wapo wanaokiita mwiku au bariyo. Mnyarwanda naye husema ibiryo byaraye, yaani chakula kilicholala, kwa hiyo hapo hapotei. Ila kiporo si makombo. Makombo ni masalia ya sahani ya mtu, na ukimpa mgeni umemtukana. Kiporo cha wali na maharage hata mwenye nyumba hukigombea.

Kutoka jikoni neno likaingia uwanjani. Mechi ya Yanga na Simba ya Machi 8, 2025 iliahirishwa, ikawa kiporo hadi ilipochezwa Juni 25. Serikalini nako, Tanzania, darasa au zahanati iliyoishia kwenye lenta huitwa mradi kiporo.

Kwa wanaovuka Rusumo, hapa ndipo penye fedha. Muuzaji wa Ngara akikupigia simu na kusema, "Kaka, magunia kumi yamebaki kiporo," hajasema ameshindwa, wala hajakuomba umsamehe. Amekiri kwamba mzigo haujatimia na hesabu iko wazi. Anayedhani ameambiwa habari ya masazo hufunga hesabu na kupoteza magunia yake, au huanzisha ugomvi bure. Kama una jirani aliyerudi kutoka Tanzania, mpe simu asikilize. Kisha uliza: kiporo cha lini? Tarehe na idadi viandikwe, maana kiporo nacho huchacha. Gatuna ilifungwa Februari 2019, ikafunguliwa Januari 31, 2022. Aliyekuwa na nusu ya mzigo upande wa pili bila karatasi, baada ya karibu miaka mitatu angedai kwa ushahidi gani?

Vipo na viporo vikubwa kuliko magunia. Mwaka 2018 Rais Kagame na Rais Magufuli walikubaliana kuhusu reli ya Isaka hadi Kigali. Mizigo ya Dar es Salaam bado inaingia Rusumo kwa malori.