Vile wasee wa bandari walifunga Mombasa 1947, na kwa nini kibarua wa Voi anafaa kujua

Ukipita Voi asubuhi utawapata wasee wamekaa wakingoja lori la kupakua. Likitokea, ni mbio. Aliyewahi anapata doo ya siku, aliyechelewa anarudi home mikono mitupu. Hiyo story si ya jana. Huko chini Mombasa, wapakuaji wa meli waliishi hivyo hivyo.

Enzi za mkoloni, wengi wa wale wasee wa Kilindini walikuwa vibarua. Neno lenyewe limetoka kwa "barua", yaani kile kikaratasi cha kuonyesha siku ulizofanya. Meli ikiwa, unakula. Isipokuwa, unalala njaa. Na kodi ya nyumba haingoji meli.

Vita vya Pili vya Dunia vikapandisha bei ya kila kitu, mshahara ukabaki nyuma. Tarehe 13 Januari 1947, kukachemka. Kama watu 15,000 waliweka kazi chini: wa bandari, wa reli, wa hoteli, hadi maboi wa nyumba za wazungu. Na ushike hii: bandari na reli inayopita hapa Voi zilikuwa chini ya shirika moja.

Kila siku walikutana uwanja wa Kiembeni. Hapo ndipo African Workers' Federation ilizaliwa, na Chege Kibachia akaja kuwa kiongozi wake. Mji ulilala siku 12. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia LegCo, akaja kuwaomba warudi job, na jopo la Jaji Thacker likaongeza mishahara.

Lakini serikali haikuwa imesahau. Agosti mwaka huo Kibachia alishikwa, akatupwa kizuizini Baringo miaka kumi. Chama kikazima.

Wasee nao hawakusahau. 1955 wa bandari waligoma tena, Tom Mboya akawapigania mezani, wakatoka na nyongeza ya asilimia 33. Dock Workers Union ikashika mizizi, na iko hadi leo.

Sasa hivi Katiba ya 2010, Kifungu cha 41, inakupa haki ya kuunda chama, kujiunga na kugoma. Mkoloni hakuwapa wale wa Kiembeni hiyo karatasi. Walikuwa tu vibarua waliochoka kukimbilia meli kila mtu kivyake.

Wewe je, job yako iko na chama, ama bado ni kila msee na lori lake?