Wanafunzi wanaposanifia kampuni tajiri vito, mchoro huwa mali ya nani?

MWANAFUNZI anayesomea ubunifu wa vito barani Ulaya huenda akajikuta, hata kabla ya kuhitimu, ameketi meza moja na wakuu wa kampuni inayouza mkufu mmoja kwa bei ya jumba la kifahari.

Ushirikiano wa aina hiyo baina ya vyuo na kampuni za bidhaa za anasa umekita mizizi. Mjini Milan, Italia, kundi la Richemont linalomiliki Cartier na Van Cleef & Arpels lilianzisha chuo chake cha ubunifu, Creative Academy, mwaka wa 2003. Nchini Ufaransa, kundi la LVMH, wenye Chaumet na Bulgari, lilizindua mpango wa mafunzo ya ufundi mwaka wa 2014 na kuungana na chuo cha usonara cha Paris kilichoasisiwa mnamo 1867. Huko London, chuo cha Central Saint Martins kimezoea kuwapa wanafunzi wake kazi zinazotoka moja kwa moja viwandani.

Je, mambo huendeshwa vipi?

Kwa kawaida kampuni huleta mada. Yaweza kuwa aina fulani ya kito, mnunuzi anayelengwa au mkufu wa zamani uliomo katika hifadhi yake ambao vijana watakiwa kuuzalia kizazi kipya. Wanafunzi hupelekwa kuzuru karakana, huonyeshwa vitu ambavyo mteja wa kawaida haonyeshwi, na mara nyingi hutia saini hati ya kutunza siri.

Kisha huja michoro. Katika fani hii pete huchorwa kwa ukubwa wake halisi, aghalabu kwa rangi nzito za maji ziitwazo guashi juu ya karatasi ya kijivu. Kuna kanuni ya tangu jadi kwamba mwangaza huchorwa ukitokea juu upande wa kushoto, ili fundi atakayeupokea mchoro ajue papo hapo palipoinuka na palipobonyea. Tarakilishi imeingia, naam, lakini karatasi haijafukuzwa.

Hatua inayowatoa wengi jasho ni ile ya kugeuza mchoro kuwa kitu cha kuvaliwa. Kielelezo huchongwa kwa nta, hufunikwa kwa plasta na kutiwa katika tanuri ili nta iyeyuke na kuacha uwazi ambamo dhahabu au fedha humiminwa. Hapo ndipo mwanafunzi hugundua kwamba herini yake maridadi ni nzito mno kwa ndewe la sikio, au kwamba kito alichokichagua hakifai mahali alipokiweka.

Tanzanaiti ni mfano mzuri. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, ilhali almasi ni 10, na pigo moja laweza kuipasua. Sonara mzoefu ataipendekeza kwa kidani au herini, si kwa pete ya kuvaliwa kila siku jikoni na garini. Maarifa kama haya humkaa mtu akilini akiwa amesimama kando ya fundi.

Mwishowe jopo la waamuzi, wakiwemo wabunifu wa kampuni, huchagua kazi bora. Mshindi hupata zawadi, nafasi ya kujifunza kazi katika kampuni hiyo au, kwa nadra, ajira.

Faida ya mwanafunzi iko wazi. Dhahabu ni ghali na vito ni ghali zaidi, na wengi humaliza masomo wakiwa wamefanyia mazoezi shaba na fedha pekee. Ya kampuni pia si ya kufichwa. Mafundi wenye mikono ya dhahabu wanazeeka na warithi ni haba, nayo njia rahisi ya kumjua kijana hodari ni kumtazama akifanya kazi kwa miezi kadhaa bila kumlipa mshahara.

Hapa ndipo penye utata. Ikiwa darasa zima limechora, na mwaka ufuatao dukani kukatokea bangili inayofanana na mchoro wa mmoja wao, nani mwenye haki?

Jibu hutegemea sheria ya nchi na karatasi iliyotiwa saini. Nchini Uingereza sheria ilibadilishwa mwaka wa 2014. Awali aliyeagiza na kulipia usanifu ndiye aliyehesabiwa kuwa mmiliki wake wa kwanza. Tangu Oktoba 1 mwaka huo, mmiliki ni msanifu mwenyewe, isipokuwa mkataba useme vingine au awe ameajiriwa, kwani kazi ya mwajiriwa huwa ya mwajiri. Mwanafunzi wa chuo kikuu kwa kawaida si mwajiriwa. Hivyo basi, mstari mmoja katika fomu ya kushiriki mashindano ndio unaoweza kumpokonya haki ambayo sheria ilimpa.

Ufaransa ina ulinzi mwingine. Huko haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi haiuziki, hata baada ya haki za mapato kuuzwa. Lakini nenda katika duka la vito la Place Vendôme uulize jina la aliyechora kidani kilichoko dirishani. Utatajiwa jina la kampuni tu. Ndiyo desturi ya biashara hiyo, na kwa maoni yetu ni desturi inayostahili kulaumiwa.

Msomaji aliye Voi au Lamu huenda akauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Tanzanaiti iligunduliwa Mererani, Tanzania, mwaka wa 1967, na jina hilo ilipewa mwaka uliofuata na kampuni ya Tiffany ya New York. Tsavoraiti, kito cha kijani kinachochimbwa Taita Taveta, kilitambulishwa kwa ulimwengu na kampuni hiyo hiyo mnamo 1974 baada ya mwanajiolojia Campbell Bridges kukipata Tanzania na kisha Kenya. Bridges aliuawa karibu na Voi mwaka wa 2009 katika mzozo uliohusishwa na machimbo.

Mawe yametoka huku. Jina, mchoro na faida kubwa vimetoka kwingineko. Tanzanaiti nyingi imekuwa ikichongwa Jaipur, India. Tanzania imejaribu kubana usafirishaji wa mawe ghafi na ina kituo mjini Arusha kinachofunza vijana kuchonga vito. Kenya nayo imejenga kituo cha kuongezea vito thamani mjini Voi. Kuchonga, hata hivyo, si kubuni. Jiwe lililong'arishwa bado husubiri mtu wa kuliwazia pete.

Si kwamba vipaji havipo. Masonara wa Lamu wamekuwa wakichukua vigae vya vyombo vya kale vya kauri kutoka Uchina na kuvipachika katika pete za fedha, ubunifu ambao chuo chochote cha Ulaya kingejivunia. Wengi wao walijifunza dukani kwa baba au mjomba, na michoro yao haikupata kusajiliwa popote.

Sheria ya kuisajili ipo. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka wa 2001, usanifu mpya waweza kusajiliwa na taasisi ya KIPI jijini Nairobi. Ulinzi hudumu miaka mitano na huweza kuongezwa mara mbili, yaani miaka 15 kwa jumla. Ombi lafaa kupelekwa kabla ya mchoro kuonyeshwa hadharani, na hiyo ni pamoja na kuuweka mezani mbele ya kampuni ambayo haijatia saini ahadi yoyote ya kutunza siri.