Honda Iliingiaje Marekani? Mwanahistoria Ana Maswali

Mwaka 1975 kampuni ya ushauri ya Boston Consulting Group iliikabidhi serikali ya Uingereza ripoti kuhusu pikipiki. Mwaka 1959 Waingereza walishika asilimia 49 ya soko la Marekani. Kufikia 1973 walibakiwa na asilimia 9. Ripoti ilieleza ushindi wa Wajapani kwa takwimu: Honda ilizalisha kwa wingi kwao, gharama ya kila pikipiki ikashuka, kisha ikaivamia Marekani kwa pikipiki ndogo za bei nafuu. Maelezo hayo yakaingia madarasani kama mfano wa mkakati uliopangwa barabara.

Msomi wa usimamizi Richard Pascale hakuridhika. Mwaka 1982 aliwafuata Tokyo mameneja sita wa Honda walioifahamu safari ya kuingia Marekani, nao wakamsimulia mambo mengine kabisa. Mwaka 1959 walifika Los Angeles wakitegemea zaidi pikipiki kubwa, na fedha za kigeni walizoruhusiwa na Wizara ya Fedha ya Japani zilikuwa kidogo. Pikipiki kubwa zikaanza kuvuja oili na kuharibu klachi, kwani Wamarekani waliziendesha mbali zaidi na kwa kasi zaidi kuliko Wajapani. Zile ndogo za cc 50, Super Cub, wafanyakazi walizipanda wenyewe kwenda kwenye shughuli zao mjini. Watu wakaziona, wakaziulizia. Ndipo zikapata soko.

Nani aaminiwe?

Wengi walioisoma makala ya Pascale ya mwaka 1984 waliishika simulizi na kuiacha ripoti. Hilo ni pupa. Mwanahistoria hukihoji kila chanzo: kimetoka kwa nani, lini, kwa ajili ya nani? Washauri walianzia kwenye matokeo wakarudi nyuma kutafuta sababu, na takwimu za gharama hazisemi mtu alikusudia nini. Mameneja nao walizungumza baada ya miaka zaidi ya 20, wakiwa washindi, na kumbukumbu ya mshindi hujipanga upya bila mwenyewe kujua.

Tena vyanzo hivi viwili vinajibu maswali tofauti. Simulizi inaeleza kwa nini pikipiki ndogo zilitangulia kushika soko. Ripoti inaeleza kwa nini Honda iliweza kuwatosheleza wanunuzi walipomiminika, na kwa bei ambayo Waingereza hawakuimudu.

Mtafiti makini angeanza na karatasi za wakati uleule: barua kati ya Los Angeles na Tokyo, oda za kila aina ya pikipiki mwezi kwa mwezi, maombi ya fedha za kigeni. Barua iliyoandikwa 1959 haikujua mwisho wa safari.