Nyumba ya Bibi na Ndoo Mbili za Rangi ya Mafuta

Likizo ya mwaka wa kwanza nilirudi nyumbani Mji Mkongwe, Unguja, nikiwa na masalio ya bumu. Nilitaka kumfurahisha bibi. Ukuta wa sebule ulikuwa umechujuka. Ukiuegemea unaondoka na chokaa mgongoni. Nikanunua ndoo mbili za rangi ya mafuta, ile inayong'aa, nikapaka siku tatu. Majirani walisifu. Bibi aliniombea dua mpaka nikaona haya.

Likizo iliyofuata nilikuta ukuta umetoka malengelenge. Ukigusa moja linapasuka, unamwagika unga mweupe wa chumvi. Juu, pale boriti inapoingia ukutani, mti ulikuwa laini, kidole kinazama. Bibi hakunilaumu. Alisema tu, "Alhamdulillahi mjukuu wangu, bado tunalala humu." Hiyo "bado" ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mjomba alitaka tupige plasta ya saruji, mambo yaishe. Mimi nikaenda kumwamkia fundi mmoja mzee, mtu wa chokaa tangu ujana wake, nikamweleza nilichofanya. Akacheka. "Nyumba umeiziba pua na mdomo, halafu unashangaa inaumwa?"

Kumbe kosa si rangi mbaya. Kosa ni kutoujua ukuta.

Ukuta unaokunywa maji

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe, kama zile za Lamu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Mawe hayo yana vitundu vingi. Maji hupanda kutoka ardhini, mvua hupiga kwa nje, na hewa ya bahari huleta chumvi. Ukuta lazima utalowana. Kinachouokoa ni kwamba ukilowana, hukauka: maji hutokea usoni, kupitia chokaa, yakapeperuka.

Rangi ya mafuta hufunga njia hiyo, na nyingi za plastiki nazo huipunguza. Maji yakikosa pa kutokea hubaki ndani, chumvi huganda nyuma ya rangi na kuisukuma. Saruji nayo ni ngumu kuliko jiwe lenyewe: nyumba ikicheza kidogo, saruji hupasuka, maji ya mvua huingia kwenye ufa na hayatoki upesi. Anayelipa gharama ni boriti, maana ncha zake zimezikwa ndani ya ukuta uleule. Boriti ikioza, tunazungumzia dari na watu walio chini yake, si urembo tena.

Chokaa hufanyaje kazi?

Wale wa kemia mtanisahihisha. Jiwe la matumbawe likichomwa hutoa hewa ya ukaa, inabaki chokaa hai. Ukiitia maji hutokota na kuwa chokaa iliyozimwa. Ukiipaka ukutani, polepole huvuta tena hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo kupaka chokaa ni kuurudishia ukuta ngozi ya jiwe, tena ngozi inayopitisha unyevu.

Tulivyofanya

Kwanza tulitafuta maji yanakotoka. Mfereji wa paa ulikuwa umeziba. Tungepaka dhahabu, bado ukuta ungelowana. Pili, tulikwangua rangi yangu yote kwa mkono, bila nyundo nzito. Tatu, palipobomoka tulipiga plasta ya chokaa na mchanga, tukaiacha ikauke taratibu. Boriti iliyooza aliibadilisha fundi mwenyewe; hiyo si kazi ya kujaribia.

Mwisho tukapaka chokaa. Ichanganye iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta kwanza, paka mkono mwembamba, subiri siku moja, rudia. Sisi tulipaka mara tano. Ukipaka nzito, itapasuka. Ukitaka rangi, tia rangi za udongo, kama manjano au nyekundu, kwa sababu nyingine huuawa na ukali wa chokaa. Vaa glovu na miwani, na usithubutu kuzima chokaa hai mwenyewe: inaunguza ngozi na macho. Na kama nyumba iko ndani ya eneo la hifadhi, pitia kwanza ofisi za Mamlaka ya Mji Mkongwe uulizie kibali kabla ya kugusa chochote.

Nisiwadanganye: chokaa ina usumbufu wake. Haing'ai, na baada ya miaka michache lazima urudie. Mjomba bado ananiuliza nani atairudia nikishaajiriwa Dar. Swali lake ni la haki. UNESCO iliuweka Mji Mkongwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini cheti hicho hakikwangui ukuta wa mtu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka. Hata jengo maarufu kiasi hicho linaweza kuanguka, sembuse nyumba ya bibi kizee kwenye kichochoro.

Jibu nililompa mjomba ni hili: kila likizo nitapaka ukuta mmoja. Nyumba ina kuta nyingi, lakini likizo nazo zipo. Nawe ukienda kwenu, kabla hujanunua ndoo ya rangi, gonga ukuta kwanza. Uulize umejengwa kwa nini.